Wanaoletwa na Wasioletwa: Moyo na Akili katika Historia ya Tiba ya Kalemie

Watu wenye maradhi mazito ya akili hufa mapema kuliko ndugu na majirani zao, na miongoni mwa maradhi yanayowaua, yale ya moyo na mishipa ya damu yako mstari wa mbele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maisha yao hupungua kwa miaka 10 hadi 20. Mwaka 2017 Christoph Correll na wenzake walikusanya tafiti zilizohusu wagonjwa zaidi ya milioni 3.2 wa skizofrenia, sonona kali na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Walipowalinganisha na watu wasio na maradhi hayo, waliona hatari ya kupata ugonjwa wa moyo na mishipa imezidi kwa asilimia 78, na hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa asilimia 85. Karibu hesabu zote hizo zilitoka nchi tajiri, ambako kifo huandikiwa cheti na cheti hutaja sababu. Katika Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu wengi hufia nyumbani bila daktari kuandika chochote. Mtu aliyezunguka sokoni miaka mingi akiitwa kichaa, akianguka na kukata roho, huzikwa bila yeyote kuuliza kama alikuwa na presha. Ukimya huo una historia. Ulitokana na maamuzi yaliyofanywa kwa zaidi ya miaka mia moja, kandokando ya Ziwa Tanganyika na katika nchi jirani, kuhusu nani ahesabiwe, kwa ugonjwa gani na mahali gani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba moyo na akili vilitenganishwa na namna ya kuhesabu wagonjwa, na kwamba Kalemie ina nafasi nzuri ya kuviunganisha.

Tiba ya kizungu ilifika katika mwambao huu pamoja na ngome. Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kilijenga kituo cha Karema upande wa mashariki mwaka 1879 na cha Mpala upande wa magharibi mwaka 1883. Mwaka 1885 vyote viwili vikakabidhiwa Mapadre Weupe. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques aliweka kituo cha kupambana na wafanyabiashara ya watumwa, akakiita Albertville, na kutoka hapo ndipo ulipokua mji tunaouita leo Kalemie. Ng'ambo ya pili, Karema, alihudumu Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu watu wa ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Tabibu wa namna yake alipokea kila aliyeletwa: mwenye jeraha, mwenye homa, mwenye kuweweseka. Hakuwa na nyumba moja ya moyo na nyingine ya akili. Mgawanyo huo ulikuja baadaye, wakati dola ilipoanza kutibu umati badala ya mtu.

Ugonjwa ulioifundisha dola kutibu umati ulikuwa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulienea katika mwambao wa ziwa, na upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, vijiji vizima vilihamishwa kutoka ufukweni. Katika Kongo ya Wabelgiji wagonjwa walitengwa katika kambi, na timu za wauguzi zilipita kijiji kwa kijiji zikipapasa tezi za shingo na kuchukua damu. Walioonekana na ugonjwa walidungwa atoksili, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi yao. Kwa yeyote anayetafuta uhusiano wa akili na moyo, malale ni somo la kwanza. Vimelea vyake vinapoingia kwenye ubongo huharibu usingizi, hugeuza tabia, humfanya mtu mpole awe mkali au aone yasiyokuwapo, na vimelea hivyohivyo vinaweza kuuvimbisha msuli wa moyo. Mwili mmoja ulikuwa ukionyesha kwamba ubongo na moyo huugua pamoja. Lakini kampeni haikuuliza swali hilo. Ilitaka kujua jambo moja, kwamba kimelea kipo au hakipo, kwa sababu jambo hilo ndilo lililoamua kama mtu ataweza kufanya kazi. Reli kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilipojengwa, bandari, reli na viwanda vilihitaji vibarua wenye nguvu. Kilichohesabiwa ni kile kilichopunguza nguvu hiyo mara moja. Presha, inayoua polepole na bila maumivu, haikuwa na nafasi katika daftari la namna hiyo.

Zaidi ya kutopimwa, presha ilitangazwa kuwa haipo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kazi yake huko Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya. Katika miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Alipowapima watu wenye afya, aliona presha yao haipandi kwa umri kama ya Wazungu; baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Si haki kumdhihaki Donnison kwa hilo. Huenda alichokiona kilikuwa kweli kwa watu wa vijiji wa wakati ule, waliokula chumvi kidogo na kutembea sana, na yeye mwenyewe alielekeza kidole kwenye namna ya maisha, wala hakudai kwamba damu ya Mwafrika ina kinga. Kosa lilitokea pale uchunguzi wa mahali pamoja na wakati mmoja ulipogeuka kanuni. Wazo kwamba moyo wa Mwafrika uko salama lilitembea kutoka mkoa hadi mkoa, likavuka mipaka ya makoloni, na likabaki hata pale ambapo watu walikuwa wamekwisha kuhama vijiji na kuanza maisha mengine.

Kwa upande wa akili ilitangazwa kanuni inayofanana na hiyo. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Mwaka uliofuata kikatoka kwa Kifaransa, lugha ya madaktari wa Kongo. Carothers aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaenda mbali hadi kuifananisha akili yao na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa wagonjwa waliofikishwa Mathari. Ni nani waliofikishwa? Aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyevua nguo barabarani. Kwa kifupi, aliyewasumbua wenye mamlaka. Mama aliyeacha kula, akakaa kwenye kona ya nyumba na kutamani kufa, hakumsumbua askari wala mkuu wa wilaya, kwa hiyo hakuletwa. Kutokana na kutoletwa kwake ikahitimishwa kwamba hayupo. Margaret Field alipokwenda kwenye maeneo ya ibada za jadi vijijini Ghana, kazi aliyoichapisha mwaka 1960, aliwakuta wanawake wenye huzuni nzito ambao hospitali haikuwaona kamwe. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona nyingi kuliko ile iliyokuwa imepatikana kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Ukiziweka kanuni hizi mbili pamoja utaona ni kosa moja lililofanywa mara mbili. Hospitali huwahesabu wanaoletwa, kisha hudhani imewahesabu watu wote. Aliyepasuka mshipa wa kichwa akafa alfajiri shambani haletwi. Aliyezama katika huzuni haletwi. Na yule mwenye maradhi yote mawili, ambaye akili yake imemtoa katika jamii na moyo wake umemtoa duniani, ndiye wa mwisho kabisa kuletwa. Madaktari waliofundishwa kwamba Mwafrika hana presha na pia hana sonona wasingeweza kuuliza kama kimoja humchochea mwenzake. Uhusiano wa vitu viwili hauwezi kuonekana pale ambapo kila kimoja kimekwisha kufutwa peke yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha majengo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Nairobi ilipata yake mwaka 1910, ile iliyokuja kuitwa Mathari. Kwa Kongo ya mashariki na kusini, vituo vinavyojulikana zaidi ni vya Mabruda wa Upendo: kile cha Lubumbashi chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili wasifungwe minyororo, SOSAME ya Bukavu iliyoanza mwaka 1994, na Tulizo Letu ya Goma. Vimeokoa maisha ya wengi, na kazi yao inastahili heshima. Lakini kutoka Kalemie vyote viko mbali, na njia za kufika huko ni ziwa lenye mawimbi, barabara mbovu, na nyakati nyingi vita. Kwa mgonjwa wa Kalemie, tiba ya akili ilimaanisha safari, na familia nyingi zilishindwa kuifanya. Kilichoweza kusafiri ni vidonge. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji. Na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, zote mbili zilikuwamo. Dawa hizi ni nafuu na zinatuliza kweli. Lakini klopromazini huweza kunenepesha na kupandisha sukari, na haloperidoli huweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo. Dawa ilifika kwenye kituo cha afya bila mazoea ya kumpima uzito, presha na sukari anayeimeza.

Hapa msomaji anaweza kusema: basi lawama ni ya vidonge, na afadhali kuviacha. Historia haikubaliani naye. Mwaka 1841, zaidi ya karne moja kabla ya klopromazini, mtakwimu William Farr alionyesha kwamba vifo katika nyumba za wagonjwa wa akili za Uingereza vilizidi mno vile vya watu wengine. Mwaka 1879 Henry Maudsley aliandika kwamba kisukari huonekana mara nyingi katika familia zenye wazimu. Hapakuwa na kidonge cha kulaumiwa wakati huo. Na nchini Finland, Jari Tiihonen na wenzake walipofuatilia kwa miaka 11 wagonjwa zaidi ya 66,000 wa skizofrenia, waliripoti mwaka 2009 kwamba waliotumia dawa kwa muda mrefu walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wale ambao hawakutumia dawa kabisa. Mtu anayepata tiba hulala, hula kwa utaratibu, huacha kukimbia usiku, na hukubali kupimwa. Dawa zina sehemu yao katika madhara, na sehemu hiyo inapunguzwa kwa kupima na kuchagua vizuri. Sehemu nyingine hutoka kwenye sigara, kwenye pombe, kwenye umaskini, kwenye homoni za hofu isiyokoma, na kwenye dharau ya mhudumu anayesikia mgonjwa wa akili akilalamika kifua na kuamua kwamba anaropoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoifahamu Kalemie. Mji huu umeishi na kipindupindu tangu miaka ya 1970. Watoto hufa kwa malaria na surua. Nani mwenye nafasi ya kufikiria moyo wa kichaa? Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unaonekana kuwaunga mkono. Huko Butajira, vijijini kusini mwa Ethiopia, Abebaw Fekadu na wenzake walifuatilia watu 919 wenye maradhi mazito ya akili kwa miaka 10 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Walikufa mara mbili zaidi ya watu wa kawaida, wakapoteza takriban miongo mitatu ya maisha, na karibu nusu ya vifo vilitokana na maambukizi. Huo ni ukweli, na anayesema kwamba Kalemie ni kama Stockholm anajidanganya. Lakini tazama unachosema ukweli huo. Mgonjwa wa akili hufa kwa kile kinachoua mahali anapoishi, na hufa kwacho mapema kuliko wengine, kwa sababu ndiye anayefikiwa mwisho. Pale muuaji mkuu anapokuwa kuhara na homa, atatangulia kufa kwa maradhi hayo. Pale presha, kisukari na kiharusi vinapopanda, atatangulia kufa kwa hayo pia. Zaidi ya hayo, maambukizi na moyo si maadui wa nyumba mbili tofauti. Koo lisilotibiwa la mtoto katika chumba kilichosongamana huweza kuishia kwenye homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo maisha yote. Kituo kinachojifunza kumpokea mgonjwa wa akili kwa heshima humwokoa na kipindupindu na pia na kiharusi kwa mlango uleule.

Na presha inapanda. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya, si mbali na alikopima Donnison, wakahamia Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema baada ya kufika: chumvi iliongezeka, potasiamu ya chakula ikapungua, na mapigo ya moyo yakaenda mbio kwa namna iliyowafanya watafiti wafikirie pia msongo wa maisha mapya. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1990, unaeleza kwa nini Donnison aliona alichoona, na kwa nini alichoona hakikudumu. Kalemie imekuwa mji wa wahamiaji tangu mwanzo: walioletwa na reli, walioitwa na Filtisaf, waliokimbia vita vya 1964 na vya 1998, na tangu 2016 na 2017 maelfu kwa maelfu waliokimbia mapigano ya Wabatwa na Waluba na kujenga vibanda pembezoni mwa mji. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika maeneo yenye vita mtu mmoja kati ya watano hivi ana tatizo la akili, na asilimia 5 hivi wana tatizo kali. Aliyepoteza shamba, mume na watoto, anayekula unga na chumvi anavyopata, asiyelala kwa hofu, amebeba hatari za akili na za moyo katika mwili mmoja. Kumwambia kwamba ugonjwa wa moyo ni wa matajiri ni kurudia kanuni ya zamani kwa sauti mpya.

Wengine watasema familia za hapa hazitaki hospitali. Huenda kwanza kwa mganga au kwenye kanisa la maombi. Ni kweli, na haipingi hoja hii. John Janzen, aliyechunguza safari za wagonjwa katika Kongo ya Chini na kuchapisha kazi yake mwaka 1978, alionyesha kwamba uamuzi wa tiba hufanywa na kundi la ndugu, ambalo humpeleka mgonjwa kwa mganga, kwa nabii na kwa daktari kwa zamu, bila kuona mgongano. Kundi hilo ndilo linaloujua mwili wa mgonjwa: linajua kama amenenepa ghafla, kama anahema akipanda mlima, kama miguu imevimba, kama anavuta sigara kutwa. Mchungaji na mganga wanaweza kubaki na sala na dawa zao, na bado mgonjwa akapimwa presha. Jambo la kukataa kabisa ni mnyororo na kufunga kula kwa lazima, kwa sababu mwili ulionyimwa chakula na maji chini ya dawa kali hauna pa kushika.

Kinachofuata ni kazi ndogo yenye matokeo makubwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutunza afya ya mwili ya watu wenye maradhi mazito ya akili, na sehemu kubwa yake inatekelezeka kwa vifaa ambavyo kituo cha afya kinavijua tayari: kipimo cha presha, mizani, utepe wa kiuno, kipimo cha sukari. Kila anayeanzishiwa klopromazini au haloperidoli apimwe siku hiyo, kisha tena kila anaporudi kuchukua dawa, na tarakimu ziandikwe kwenye kadi yake. Aulizwe kuhusu sigara na asaidiwe kuacha. Akipata presha apewe dawa ya presha ileile anayopewa jirani yake, wala asirudishwe kwa kuwa ni kichaa. Na anapokufa, muuguzi awaulize ndugu alikufaje, na jibu liingie kwenye daftari la zoni ya afya. Kalemie haikuwahi kuwa mji wa hospitali kubwa ya wazimu, na kwa miaka mingi hilo limekuwa upungufu wake. Sasa linaweza kuwa nafuu yake: hapa hakuna haja ya kwanza kuvunja mgawanyo wa majengo kabla ya kuwatibu watu. Muuguzi mmoja, katika chumba kimoja, anaweza kumtibu mtu mzima, na akifanya hivyo kwa miaka michache Kalemie itakuwa na hesabu zake yenyewe, zenye kuwahesabu hata wale ambao hakuna aliyewaleta.